Banio la Bwana Koki

Gari lilikuwa limeshaingia barabarani dada yangu alipotoka mbio na blanketi kifuani, kandambili moja mguuni, nyingine imebaki mlangoni.

"Simameni! Mnakwenda kwenye baridi na vishati hivyo kama mnakwenda kulipia umeme!"

Mumewe hakusimama, alipunguza mwendo tu. Nikatoa mikono dirishani nikalidaka lile blanketi kama mtu anavyodaka kuku anayeruka ua. Dada akashika mlango, akawa anatembea sambamba na gari huku anahema.

"Usirudi bila yeye," alimwambia mumewe. Kisha akaniangalia mimi. "Na wewe kaka, wewe urudi tu. Hilo peke yake litanitosha."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Katika ukoo wetu mimi nahesabiwa pamoja na upepo: unajua umepita, hujui umekwenda wapi. Nimepakia magogo, nimeswaga ng'ombe, nimepikia wajenga barabara, nimeuza miwani ya kusomea kwa watu wasiojua kusoma. Shule nayo niliisoma kwa kuokoteza, darasa moja huku, nusu darasa kule. Uzee uliponikuta nilikuwa nakaa kwa dada, chumba cha uani, na kila asubuhi nilikumbushwa kwamba mlango wa chumba hicho una kitasa kizuri kwa ndani, nijifungie nitulie.

Shemeji yangu ni kinyume changu. Mji mzima unamwita Bwana Koki. Aliingia kwenye mtambo wa maji ndevu hazijaota, akatoka zimekuwa nyeupe. Pale mto unaingia kwa mlango mmoja ukiwa na rangi ya matofali, unapitishwa kwenye machujio na dawa, unatokea upande wa pili ukiwa maji ya kunywa. Katika maisha yake yote ya kazi alihamishwa mara moja tu, kutoka pampu ya kushoto kwenda pampu ya kulia, na dada anasema hata hiyo ilimnyima usingizi wiki nzima.

Mtoto wao ni mmoja, binti. Alisomea mitambo chuo cha ufundi, na Koki alikuwa ameshamwonyesha hata kiti atakachokalia. Binti akaenda mlimani. Akawa askari wa hifadhi, akapewa kusimamia kambi ya wageni kando ya kijito, huko juu kabisa ambako mto wetu unaanzia. Sasa Koki amestaafu, na mkuu wa mtambo, kwa kumheshimu, akamwambia: nafasi yako tunamwekea mwanao. Akiripoti Jumatatu ni yake, asiporipoti tunamwita mwingine. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Shemeji alitaka kitu kimoja tu duniani: ateremke mlimani na binti yake akiwa kwenye kiti cha nyuma.

"Na mimi umenichukulia nini?" nilimwuliza.

"Wewe ndiye uliyemtia upepo miguuni. Kila ukirudi ulikuwa unamkalisha, unamsimulia milima. Basi ukautoe. Tena wewe ni mjomba. Neno la mjomba mtu halitupi dirishani."

"Langu limeshatupwa madirisha mengi, shemeji."

"Basi leo sema lenye uzito, likitupwa limwumize mtu mguu."

Njia nzima alikuwa anazungumza habari ya tope. Alikuwa na imani yake ya siku nyingi kwamba kuna mtu huko juu anayemchafulia mto. Alishaandika barua, alishalalamika kwenye mikutano. "Maji hayajichafui," alisema. "Yanatoka mlimani safi, hilo hata mtoto analijua. Halafu mvua moja tu, yananifikia kama uji wa ulezi. Kuna mtu. Ana mashamba, au anachimba kitu. Nikimwona nitamwuliza kwa adabu tu, bwana, mimi nimekukosea nini?"

"Labda ni kiboko."

"Cheka. Wewe hujawahi kusafisha chujio."

Barabara ile inauvuka mto mara nyingi, na mimi ambaye nimeona mito mingi sikuwahi kuuona mmoja ukirudi utotoni namna ile. Daraja la kwanza lilikuwa refu, la zege, na chini yake mto mpana, mzito, umenyamaza kama mtu mzima mwenye madeni. Daraja lililofuata lilikuwa fupi na mto umeanza kusema. La tatu lilikuwa la mbao. Kila tukipanda ulikuwa unapungua umri. Miti ikawa mirefu, kisha ikawa mirefu zaidi, hadi nikachoka kuinua shingo dirishani. Kuvumwani, ule ukoga wa kijani wa miti, ilining'inia matawini kama ndevu za mababu. Masikio yakaziba, yakazibuka. Koki akaacha kuzungumza. Kwenye daraja la mwisho, lililokuwa magogo mawili na mbao juu yake, alisimamisha gari mwenyewe, akashuka, akachuchumaa.

"Huu ndio ule?"

"Ndio huo."

"Huu huu unaoingia kwangu?"

"Shemeji, mimi nimesoma ramani kwa wasafirishaji, si shuleni, lakini mito mingine hakuna hapa."

Alikuwa anaweza kuuruka. Aliutazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mkuu wake wa kazi akiwa mtoto wa chekechea, bila suruali. Aliporudi garini aliendesha taratibu sana, na hakupiga honi hata kwenye kona.

Kambi ilikuwa uwanja wa majani mafupi kati ya kijito na ukuta wa mwamba. Ukuta huo ulipanda, ukapanda, ukaingia mawinguni, na hapo macho yetu yakaishia. Kulikuwa na hema moja tu, la wenzi wawili waliotoka kufunga ndoa. Sisi tukawaita maharusi, nao wakaitika. Na kulikuwa na kibanda cha mbao, na mlangoni mwake amesimama mpwa wangu: kofia, buti, filimbi shingoni.

"Shikamoo baba. Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu," alisema Koki. "Umekonda."

"Nimekaza baba, sijakonda."

Alitukumbatia, na mikono yake ilikuwa migumu kama ya seremala. Kisha akajiweka sawa, akatusomea masharti kama alivyowasomea wageni wote: mahema yasimame kiwanja cha juu, mbali na maji. Moto uwashwe kwenye mafiga ya chuma tu. Sabuni isiguse kijito. Pasiondolewe ua wala tawi, wala lisihamishwe jiwe lolote, la nchi kavu wala la majini. Nilisikiliza, kwa kuwa katika maisha yangu nimefukuzwa mahali pengi na najua kwamba mambo huanzia kwenye masharti. Koki hakuwa pale. Macho yake yalikuwa kijitoni.

"Baba, umenisikia?"

"Nimesikia, nimesikia." Alisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. "Mama, nimekuja kwa jambo. Jumatatu mtamboni..."

"Najua baba. Mama ameshanieleza kwa simu. Nipo kazini mpaka kesho jioni. Kesho jioni tutakaa chini, tutasema mpaka tuchoke. Sasa hivi simamisheni hema, mvua inaweza kuja."

Kusimamisha lile hema sitakusimulia kirefu. Wazee wawili tulilizunguka likiwa limelala chini kama ng'ombe mgonjwa, kila mmoja akimwambia mwenzake avute. Bwana harusi alikuja kutusaidia bila kuombwa. Bibi harusi alishindwa, akaenda kucheka nyuma ya mti.

Ila nikwambie kuhusu usingizi. Tangu astaafu, Koki alikuwa halali. Miaka yote nyumba yao ilikuwa ndani ya uzio wa mtambo, na pampu ilikuwa inanguruma usiku kucha. Walipohamia nyumba yao wenyewe mtaa wa kimya, alikuwa anashtuka, anakaa kitandani, anamwambia dada, "Imezima." Dada alijaribu maziwa, alijaribu maombi, alijaribu kumpa mgongo. Wala hapakuwa na la kufanya. Mle hemani, kijito kikipiga kelele zake hatua chache chini yetu, alivua viatu, akasema, "Sikia, inafanya kazi," akalala na koti lake. Alilala kama jiwe lililotupwa kisimani. Sikuamini hadi nikamwekea kiganja puani.

Asubuhi ndiye aliyeniamsha. Alikuwa amesimama nje na blanketi la dada mabegani, mdomo wazi. Nikatoka kwa magoti, nikainua uso.

Mawingu yalikuwa yameondoka. Ule ukuta tuliodhani ni mlima ulikuwa kizingiti tu. Mlima wenyewe ulikuwa nyuma yake, na ulikuwa juu mahali ambapo mtu hatazami kutafuta ardhi. Pale tunapotazama kutafuta mwezi. Theluji yake ilikuwa imeshapata jua, sisi bado tuko gizani, na ilikuwa na rangi ambayo sina jina lake, kama ndani ya kombe la baharini, kama utosi wa mtoto mchanga taa ikiwa nyuma yake. Hakukuwa na upepo. Kutoka ile theluji uzi mweupe ulishuka mwambani, ukapotea, ukatokea tena chini zaidi, ukapotea msituni, na mwishowe ukapita mbele ya miguu yetu ukitoa sauti. Nimelala chini ya anga nyingi. Nimeona majangwa, nimeona maziwa yasiyo na upande wa pili. Nilikuwa nadhani nimeshamaliza kushangaa, kwamba kushangaa ni kama meno, kunakwisha. Nilikaa kwenye majani yenye umande, suruali ikalowa, na sikujali.

Mpwa wangu alikuja na vikombe viwili vya bati. Hakutusalimu kwa sauti. Aliinama kijitoni, akachota, akampa baba yake.

Koki alikipokea, akakichungulia. Mtu huyu hajawahi kunywa maji ambayo hajui yametiwa nini. "Yametiwa dawa?"

"Yametiwa mlima."

Akanywa. Akashika meno kwa baridi. Akakinyoosha kikombe kuomba tena.

Nilidhani safari yetu imekwisha pale, kwa wema. Lakini mtu na kazi yake ni kama konokono na nyumba yake, haiachi nyuma hata akienda kutembea.

Mpwa wangu aliondoka kukagua njia za juu. Mimi nikaingia msituni upande wa pili kunyoosha miguu. Kule ndani mwanga ulikuwa wa kijani na kila kitu kimevaa kuvumwani, hata mawe. Ukikanyaga, mguu unazama bila sauti. Nilikuta mti ulioanguka, na juu ya mgongo wake imeota miti mingine mikubwa imejipanga safu, kama wajukuu kwenye benchi. Nilishika shina moja kwa mikono miwili na sikulifikia hata nusu. Nikajiona nanong'ona. Nilikuwa namwambia nani, sijui.

Niliporudi nilisikia ko, ko, ko. Jiwe kwa jiwe.

Koki alikuwa katikati ya kijito, suruali imekunjwa hadi magotini, shati limefungwa kiunoni, anaimba. Amejenga banio. Kijito chote kilikuwa kimekingwa kwa ukuta wa mawe yaliyochaguliwa, mapengo yamezibwa kwa changarawe, na katikati ameacha mlango wa kupitishia maji, na kando yake jiwe pana la kufungia. Nyuma ya ukuta maji yametuama, safi, unaona kila punje ya mchanga. Maharusi walikuwa ukingoni wanapiga picha.

"Babu, hili ni bwawa la kuogelea?" bibi harusi aliuliza.

"Hapana mama, huku ni kuyaweka sawa. Yalikuwa yanakwenda ovyo. Huku yanapiga jiwe, kule yanagawanyika, hayana mtu. Sasa ukitaka mengi unafungua, ukitaka kidogo unafunga."

"Shemeji," nilisema, "toka humo."

"Njoo uone mlango ulivyokaa! Bila saruji!"

"Shemeji, tuliambiwa jiwe lisihamishwe."

"Nani kasema?"

"Binti yako, jana, akiwa amekukazia macho."

Akasimama na jiwe mkononi, akafikiri. "Alikuwa anawaambia wageni," akasema.

Binti alitokea njia ya juu wakati huo huo. Aliona. Hakukimbia wala hakupiga kelele; alikuja ukingoni, akaangalia ukuta, kisha akashuka upande wa chini ambako kijito kilikuwa na mkono mdogo unaozunguka kisiwa cha majani. Ule mkono ulikuwa umekauka. Kwenye tope lake viluwiluwi vilikuwa vinapigapiga mikia, vingi kama wino uliomwagika, na vingine vimeshatulia. Akavua kofia, akaanza kuvizoa kwa kofia, akavitia kwenye maji. Alirudi mara nyingi. Sisi wote tulikuwa tunamwangalia.

Kisha akavaa ile kofia iliyolowa.

"Mzee," alisema. "Rudisha mawe yote ulikoyatoa. Upande wenye kuvumwani ukae juu kama ulivyokuwa."

Koki aligeuka nyuma kuangalia ni mzee gani anayeitwa. Hapakuwa na mwingine. "Unaniita nani?"

"Hapa wewe ni mgeni wa hifadhi, umevunja sharti nililokusomea. Mzee, rudisha mawe."

"Mimi nimezaa mtoto au nimezaa hakimu?" Alinitazama mimi. "Mjomba mtu, sema neno!"

Neno langu lenye uzito, lile la kuumiza mguu, nililitafuta. "Rudisha mawe, shemeji," nikasema.

Akageuza mgongo. Akaanza kubomoa, anatupa, anasonya, anazungumza na maji. Nilimsikia akisema maisha yake yote ameyatumia kwa kazi moja, na leo anaambiwa mzee na mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga kamba za viatu. Binti alisimama ukingoni, amekaza taya kama mama yake akiwa na hasira, na machozi yamemjaa machoni. Jua lilikuwa linawaka juu yetu. Kilele tu ndicho kilichokuwa kimefunikwa tena, na wingu lake jeusi.

Ghafla mpwa wangu akainua kichwa. Mimi sikuona kitu. Aliangalia maji, nami nikaangalia: yalikuwa yamepata rangi ya chai nyepesi, na vijiti vidogo vilikuwa vinakuja, vingi, haraka.

"Mzee, toka majini!"

"Mimi si mzee wako!" Koki hakugeuka. "Umesema nirudishe mawe, narudisha mawe!"

"Toka!"

"Mpaka niyamalize! Upande wa kuvumwani juu, si ndivyo?"

Binti akapuliza filimbi, kwa nguvu hadi nikaziba sikio, akawaonyesha maharusi kiwanja cha juu kwa mkono, nao wakakimbia. Kisha akaingia na buti zake, akamkamata baba yake kwa mkanda wa suruali, nyuma, kama mtu anavyokamata mwizi, akamvuta. Koki alikuwa anamwambia amwachie. Niliwapokea ukingoni, nikashika shati, likachanika, nikashika mkono. Tulipanda ule mteremko kwa magoti, watu watatu tumeshikana, na ndipo tukausikia.

Haukuwa mlio wa maji. Ulikuwa mlio wa mawe. Mlima ulikuwa unasaga meno. Kona ya juu ilijaa kitu cha kahawia kilicho kirefu kuliko mtu, mbele yake kimebeba magogo na matawi na povu chafu, kinatembea, ndiyo, kinatembea, si kwa haraka uliyotegemea, kama kundi la ng'ombe lenye uhakika na njia yake. Jiwe kubwa kama gari letu liligeuka, likajikuna, likaondoka. Banio la Koki sikuliona likienda. Nilipepesa macho, halikuwepo, kama mkate ndani ya chai. Ardhi ilitetemeka nikaisikia kwenye magego. Juu yetu bado jua lilikuwa linawaka, vipepeo wako kwenye majani, na chini pale dunia ilikuwa inahamishwa.

Bibi harusi alikuwa amenishika mkono, mimi nimemshika mumewe, hatujuani hata majina. Kulikuwa na hofu, nisidanganye, lakini hofu ilikuwa ndogo, ilikuwa imekaa pembeni kama mgeni aliyekuja wakati mbaya. Kilichotujaa kilikuwa kingine. Nilijiona nimevua kofia.

Mpwa wangu alikuwa na redio ya mkononi mdomoni, anamweleza mkuu wa kambi zote taratibu: maji yametoka juu, kambi iko salama, wageni wanne wako kiwanja cha juu.

Koki akapaza sauti. "Mwambie apigie mtamboni! Wafunge mlango wa kuingizia, hili litawafikia..."

"Nimeshamwambia baba. Kila likitokea huwa namwambia. Yeye huwa anawapigia."

Alimtazama binti. Akautazama mto. Ulikuwa na rangi ya matofali.

"Kwa hiyo hakuna mtu," alisema.

"Mtu gani?"

"Huko juu. Hakuna mtu."

"Hakuna, baba. Ni wenyewe tu."

Akaketi chini. Shati limechanika, magoti yanavuja damu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekuwa akigombana miaka mingi na jirani nyuma ya ukuta, halafu ukuta ukaanguka akaona kumbe alikuwa anagombana na bahari. "Mimi nilikuwa najaribu kulipitisha hili kwenye chujio," akasema, na akaanza kucheka polepole, na machozi yakamtoka huku anacheka, na binti akaketi karibu yake, buti zimejaa maji. Maji yalipita mbele yetu hadi jua likazunguka. Yalipoanza kupungua, kilele kilifunguka tena, na theluji mpya ilikuwa imekishukia hadi mabegani. Hilo nalo lilikuwa limefanyika wakati ule ule.

Jioni tulikaa kama tulivyoahidiwa, kwenye mafiga ya chuma, viazi vinachemka.

"Jumatatu..." Koki alianza.

"Baba, mimi sishuki."

"Sijauliza."

"Ulikuwa unataka kuuliza."

"Nilikuwa nataka. Siku hizi mtu haruhusiwi kumaliza hata kutaka?" Alichochea moto. "Jumatatu nitakwenda kuwaambia wasisubiri. Wamwite huyo mwingine. Atakikalia kile kiti. Mtoto wa mtu. Hata hatajua kwamba mguu mmoja nilitia kizibo."

Binti hakumwambia maneno ya kumfariji, na mimi nilimheshimu kwa hilo. Kilichomwuma baba yake kilikuwa cha kweli. Alimmenyea kiazi, akampa.

Tulidhani yamekwisha, lakini asubuhi mkuu wa kambi zote alikuja kukagua uharibifu, bwana mnene mwenye fimbo, na mpwa wangu akasimama mbele yake akamweleza yote, pamoja na banio.

"Lakini dada," bwana harusi aliingilia, "huo ukuta haupo tena. Nani atajua?"

"Ulikuwepo," alisema mpwa wangu.

Mkuu alimwangalia Koki, magoti yake, shati lake. "Huyu mzee ni nani?"

"Ni baba yangu."

Yule bwana akakuna shingo kwa fimbo. Alisema sharti ni sharti: mgeni aondoke leo, na asiingie kambi yoyote ya hifadhi mpaka mwaka uishe.

"Nafukuzwa?" Koki aliuliza.

"Unafukuzwa, mzee."

"Kwa taarifa ya nani?"

"Ya huyu askari."

"Sema tena, huyu shemeji yangu masikio yake mazito."

"Ya huyu askari hapa."

Koki akanigeukia, kifua mbele. "Umesikia? Hakunificha. Kesi ilikuwa ya baba yake, ukuta umeshakwenda na maji, na hakunificha!" Alifunga hema peke yake, akiimba, akalifunga vibaya. Barabarani, kwenye kila daraja, aliteremka kuangalia ile kahawia inavyoshuka. Aliutazama mto kwa adabu. Mimi nilikaa kiti cha mbele, na kiti cha nyuma kilikuwa na hema.

Dada hakusema na mumewe siku kadhaa, kisha akasema. Nafasi ya mtamboni ilichukuliwa na binti wa fundi bomba mmoja, na anasifiwa kwa kazi nzuri. Kile kiti alikibadilisha. Koki alinunua feni, anaiwasha usiku ikiwa imeelekezwa ukutani, apate mngurumo wake tu, na analala. Mwaka ulipoisha alipanda tena na mkewe, wakakaa siku tatu, hakugusa jiwe. Maharusi wana watoto mapacha. Mkuu wa kambi alihamishwa. Mpwa wangu yuko pale pale, amepewa kambi ya pili juu ya ile ya kwanza. Mimi niliondoka kwa dada baada ya mvua kukatika, nikafanya kazi ya kulinda ghala kwenye mji mwingine, nikaugua mguu, nikarudi. Chumba cha uani kilikuwa kimewekwa mashine ya kushonea, ikahamishwa.